Filta Imejificha Uvunguni

Jumamosi saa 3 asubuhi nilimtangazia mama watoto kwamba leo namwaga oili mwenyewe, na saa 4 atanikuta mezani nakunywa chai. Hakunijibu. Aliingia ndani, akatoka na kanga kuukuu, akaitandika chini ubavuni mwa gari kama mtu anayeandaa mahali pa kumlaza mgonjwa.

Gari lenyewe ni Mazda Roadster, lile ambalo Wamarekani wanaliita Miata: viti viwili, paa la turubai, taa zinazofumbua macho ukiziwasha. Nyumbani kwetu tuko watu sita. Hesabu hiyo naomba tuiache, imeshazungumzwa vya kutosha, na ukweni nako wamechangia.

Kwa nini nisiende gereji kama binadamu wengine? Nimekwenda. Oili ni ile ile inayoingia kwenye IST ya jirani, plagi ni nne zile zile, lakini fundi akiona turubai tu, ulimi unabadilika: "Bosi, hii si gari ya michezo?" Bei nayo inaanza kukimbia. Bosi gani anayetoka kwenye gari kwa magoti? Mmoja alifungua boneti kutafuta betri, akainama, akachungulia, akaniuliza kwa upole kama hili ni la kuchaji ukutani. Betri iko kwenye buti, kaka. Mwingine nilimwita nyumbani kabla ya Idi. Huyo tutamrudia.

Basi nikaanza na jeki. Jeki ya magurudumu niliyoazima haipiti chini ya gari. Inabidi kwanza ulipandishe matairi juu ya vipande vya mbao, ndipo jeki iingie. Yaani unalinyanyua gari ili uweze kulinyanyua. Nikiwa nahangaika na mbao, bodaboda akapunguza mwendo akauliza, "Mzee, imezama?"

Oili yenyewe haina makuu. Niliacha injini iwake kidogo ili oili iwe nyepesi, nikafungua nati ya chini kwa spana namba 19, nikakinga kwa beseni nililolikuta jikoni. Ikatiririka nyeusi kama kahawa ya msikitini. Nikajiona fundi. Nikapiga na mluzi.

Sasa filta.

Wajapani waliolibuni gari hili, wakalionyesha Chicago mwaka 1989, wana msemo wao wa jinba ittai: mpanda farasi na farasi wawe mwili mmoja. Miaka yote nilidhani wanazungumzia uendeshaji. Filta imekaa upande wa kulia wa injini, uvunguni kabisa mwa mabomba ya kuingizia hewa. Ukipitisha mkono juu, kiwiko kinagoma. Ukiingia kwa chini, kichwa kinagoma. Siwalaumu, huenda walipima kwa mkono wa mtu asiyekula ugali. Nikavua tairi la mbele la kulia, nikalala kwenye kanga, nikapenyeza mkono taratibu kama mkunga, shavu limebanwa na bodi, macho yanatazama barabarani. Nikaigusa kwa ncha za vidole. Haikutikisika.

Filta ya oili haihitaji ubabe. Unapaka raba yake oili mpya, unaikaza kwa mkono, raba ikishagusa unaongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Hii ilikuwa imekazwa kama mtungi wa gesi wa mama mwenye hofu. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule fundi wa kabla ya Idi, nikamtaja yeye, spana zake na shule aliyosomea, kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza chapati.

Mara ikalegea. Na kwa kuwa imelazwa ubavu, oili haikungoja beseni. Ilifuata kiganja, ikapanda kiwiko, ikamalizia safari kwapani, ya uvuguvugu. Nikataka kuvuta mkono, mkono ukakataa. Ngumi tupu ilipita. Ngumi yenye filta haipiti. Mnajua habari za nyani aliyeshika karanga ndani ya kibuyu? Nilikuwa mimi, Tabata, saa 5 na nusu, mwili mmoja na farasi wangu. Kuiachia sikutaka, nimeitafuta asubuhi nzima.

Mtoto wa jirani, wa darasa la tatu, alikuwa amechuchumaa pale muda wote akila ubuyu.

"Anko, nitoe?"

Nikaachia filta. Akapitisha kamkono kake, akaizungusha, akaitoa kama anatoa andazi kwenye mfuko. Akaipaka oili raba ya filta mpya bila kuambiwa, akaipachika, akaizungusha. Nikashangaa.

"Umefundishwa na nani?"

"Yule fundi wa kabla ya Idi. Ile ya zamani niliifunga mimi. Aliniambia kaza mpaka uchoke."

Nikaangalia kule kwa muuza chapati. Alikuwa bado ananiangalia.

Nikampa mtoto shilingi 1,000. Akaitazama, akanitazama.

"Fundi alinipa buku mbili, Anko."

Nilikuwa bado natafuta noti ya pili, kwa mkono ule msafi, niliposikia mama watoto jikoni anauliza nani amechukua beseni lake la kuoshea mchele.