Mtukufu Aliyeanguka Kutoka Darini

Washairi wa taarabu wamemsifu njiwa mpaka, lau angekuwa na haya, angejificha. Wamempa barua azipeleke, wamemtuma salamu ng'ambo ya bahari, wamemsingizia kila mapenzi yaliyowahi kuvunjika Unguja hii. Kinda lake hakuna aliyemtungia hata ubeti mmoja. Sababu naijua: hawajamwona. Njiwa manga huwaficha watoto wake juu ya boriti na chini ya mabati kwa mwezi mzima na zaidi, mpaka waote manyoya yote, ndipo huwatoa nje wakiwa wamekwishafanana na wazazi wao. Mtu anaweza kuzaliwa Malindi, akaoa Malindi na akazikwa bila kukutana na kinda la njiwa uso kwa uso. Nasi tungeishi na kufa katika ujinga huo lau si kunguru.

Kunguru hawa weusi wenye shingo za kijivu waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, kwa kazi maalumu ya kusafisha taka. Huyo ndiye ndege mwenye faida. Alikuja na ajira yake, na leo hii anakula mayai ya wenzake, makinda ya wenzake, na andazi likiwa mkononi mwa mtoto. Nalitaja hili mapema kwa sababu wapinzani wa njiwa wana swali moja tu, nalo ni: ana faida gani? Basi wamtazame kwanza aliyeletwa kwa faida. Ni yeye aliyemburura mtukufu wetu, kinda la njiwa, kutoka tundu la darini, akamwangusha uani penye pipa la maji, na asingemwacha hai kama Mama hangetoka na fagio la chelewa.

Tukampa jina la Sheha, yaani mkuu wa mtaa, kwa kuwa tangu siku ile hapakuwa na jambo nyumbani lililopita bila yeye kuhusishwa.

Msifu hana budi kuanza na sura. Sheha alikuja na ngozi ya rangi ya bilingani lililosahauliwa jikoni, nywele za manjano zilizoota moja moja kwa kusitasita, tumbo lililotangulia miguu, na mdomo uliokusudiwa ndege mwingine, mkubwa zaidi. Bibi alivaa miwani, akamwangalia, akavua miwani, akasema, "Mola ana siri zake." Jirani yetu aliuliza kwa upole kama ni ndege. Na hapo ndipo ilipo fadhila ya kwanza. Watoto wa watu hupakwa wanja na kufungwa hirizi wasipatwe na jicho la husuda; huyu tulimweka barazani mchana kweupe, wakapita watu wa kila namna, na hakuna hata mmoja aliyemhusudu.

Fadhila ya pili iko katika kula, na hapa naomba nisikimbizwe.

Mtoto wa kuku akishakauka tu hutoka akadonoa mwenyewe, jambo ambalo wengi husifu, lakini mimi naliona ni utovu wa adabu: humnyima mkubwa wake nafasi ya kumhudumia. Makinda ya ndege wengi hupanua midomo wakangoja kutiliwa. Kinda la njiwa hafanyi hili wala lile. Yeye huingiza mdomo wake wote ndani ya mdomo wa mzazi, akafyonza maziwa. Ndiyo, maziwa, mazito ya rangi ya jibini, yaliyojaa protini na mafuta, yanayotokana na kuta za ule mfuko wa chakula ulioko chini ya koo. Homoni inayoyaleta inaitwa prolaktini, na ni ile ile inayoleta maziwa kifuani mwa mama aliyejifungua. Zaidi ya jamii ya njiwa, ndege wanaojulikana kulisha hivi ni heroe, na yule pengwini mkubwa wa barafu ya kusini. Na maziwa ya njiwa hutolewa na mama na baba, sawa kwa sawa, kwa zamu. Akina baba wa mtaa wetu waliosoma mpaka hapa wanaweza kurudia sentensi iliyotangulia.

Kwa vile nyumbani petu hapakuwa na mtu mwenye maziwa ya namna hiyo, likaitishwa baraza. Jirani mmoja akashauri mkate uliolowekwa maziwa ya ng'ombe. Ni ushauri wa huruma, na umeua makinda mengi: tumbo la ndege halina kitu cha kusagia sukari iliyomo ndani ya maziwa hayo. Mwingine akaleta bomba la sindano, akitaka tummiminie maji kooni. Tundu la pumzi la ndege liko nyuma tu ya ulimi, ukimimina, umemzamisha. Kilichofanya kazi ni uji laini wa mtama na choroko zilizopondwa, uvuguvugu, ndani ya kikombe kilichofunikwa kipande cha puto lenye tundu. Sheha akachomeka mdomo tunduni, akapiga mabawa yake mawili yasiyo na manyoya, akalia mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta, na mfuko wa kooni ukafura mpaka akashindwa kusimama. Baada ya hapo alilala. Baada ya hapo aliamka, akadai tena.

Nani mwingine nyumbani aliwahi kupata utumishi wa aina hii? Kaka yangu, mtu ambaye hajapata kumchemshia chai kiumbe yeyote, alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri kuangalia kama uji umepoa kiasi. Baadaye, Sheha alipoanza kula vitu vigumu, alimlowekea njegere, akazimenya, akamtia mdomoni moja moja. Mke wa Kaka alisimama mlangoni akimtazama, hakusema kitu, na kutosema kwake kulisikika mpaka kwa jirani.

Mjomba wetu peke yake ndiye aliyebaki na mtazamo mwingine. Aliwahi kukaa Cairo, ambako makinda ya njiwa hushindiliwa wali au ngano na kuokwa, na kila akija kututembelea alikuwa akimpapasa Sheha kifuani kwa namna ambayo hatukuipenda. Siku hizi kiti chake tumekisogeza upande wa pili wa ukumbi.

Nakuja kwenye shutuma ya uchafu. Siikimbii, na nisingeweza kuikimbia, maana iko kwenye mkeka, kwenye kabati la vyombo, kwenye bega la kila kanzu iliyofuliwa, na mara moja iliangukia barua rasmi ya kudai deni, kazi niliyoiona ni ya uhakiki wa hali ya juu. (Japani, mwaka 1995, watafiti walichapisha habari za njiwa waliofundishwa kutofautisha picha za Monet na za Picasso. Sheha hakufundishwa na mtu.) Wazazi wa njiwa hawana desturi ya kusafisha kiota, uchafu huachwa ukakauka, ukashika, ukawa ndio ukuta. Ukifikiria kwamba kiota chenyewe ni vijiti viwili vitatu vilivyotupwa juu ya ubao, utaona kuwa kinda ndiye fundi mwashi wa nyumba yake.

Kule Isfahan, Uajemi, katika karne ya 17 walimjengea njiwa minara mizuri ya matofali, yenye mashimo maelfu ndani, si kwa ajili ya nyama yake wala sauti yake, ila kwa ajili ya hicho tunachokifuta sisi kwa matambara. Kilikuwa mbolea ya mashamba ya matikiti. Mama alipolisikia hilo akakusanya, akakiweka kibichi kwenye chungu cha rihani ya Bibi. Rihani ikakauka yote. Samadi hiyo ni kali na hutaka kuozeshwa kwanza, jambo ambalo wakulima wa Isfahan walilijua na Bibi amelijua sasa. Ikikauka, vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo nyumbani petu tumejifunza kupiga deki kwa maji kila asubuhi, na wageni wanatusifu kwa usafi bila kujua wamshukuru nani.

Wenye kuendelea kununa nawapeleka New Jersey, Marekani, mwaka 1964. Wanasayansi wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa na antena kubwa yenye umbo la pembe, na ndani yake wakasikia mvumo usiokoma, popote walipoielekeza mbinguni. Waliwakuta njiwa wamekaa humo, wamepaka kila mahali. Wakasafisha. Wakawakamata njiwa wakawapeleka mbali, njiwa wakarudi. Mwishowe wakawapiga risasi, na mvumo ukaendelea kama kawaida. Haukuwa uchafu wa njiwa. Ulikuwa ni mabaki ya mnururisho wa mwanzo wa ulimwengu, na mwaka 1978 mabwana wale wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Njiwa hawakuombwa radhi mpaka leo.

Ukoo ni mkubwa, hilo halina ubishi. Chuoni tulisimuliwa ndege wa Nabii Nuhu, na njiwa waliotaga mlangoni mwa pango la Thawr wakawapoteza maadui. Katika karne ya 12 Sultani Nuruddin aliunganisha Sham na Misri kwa posta ya njiwa. Mwaka 1850 Paul Julius Reuter alijaza pengo la waya wa simu baina ya Aachen na Brussels kwa njiwa, na kutoka humo likaja shirika la habari ambalo redio zetu zinalitaja hadi leo. Mwezi Oktoba 1918, katika msitu wa Argonne kule Ufaransa, njiwa Cher Ami alipigwa risasi ya kifua, akapofuka jicho, mguu ukining'inia, na barua akaifikisha. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakipigwa na mizinga ya wenzao wakaokoka.

Kwa hiyo Sheha alipokomaa, tuliona ni haki yake kupewa nafasi ya kuendeleza kazi ya wazee. Mjomba akajitolea kumchukua mpaka Bububu, kilomita kama kumi kutoka mjini, amwachie uwanjani ili tuone atachukua dakika ngapi kurudi. (Kaka aliwasindikiza. Hatukumwamini Mjomba kuwa peke yake naye na jiko.) Wakafika, wakafungua kikapu. Sheha akatoka, akatembea kwa miguu kukizunguka kipande cha ardhi alipoachiwa, akala punje mbili za mchele, akaruka. Aliruka mpaka kichwani kwa Kaka. Wakamshusha, akapanda. Wakakimbia, akawafuata kwa miguu. Mjukuu wa posta ya masultani alirudi mjini kwa daladala, juu ya bega, akitazama njia, na konda akadai nauli yake.

Wapo waliolichukulia tukio hilo kuwa fedheha. Mimi nasema fikra za watu ni fupi. Sifa ya njiwa wote hao ni moja tu: kurudi nyumbani. Wengine walirudi kwa kuvuka jangwa, wengine kwa kuvuka risasi. Huyu wetu ameikamilisha sanaa hiyo, amekataa kuondoka kabisa.

Wala hashukuru, na hilo nalo nalihesabu katika fadhila. Kuku akinywa maji huinua kichwa juu kila funda, tukaambiwa utotoni kwamba anamshukuru Mola. Njiwa hana unafiki huo: huzamisha mdomo, akafyonza mpaka atosheke, akaondoka. Sheha hufanya hivyo kwenye kikombe cha kahawa cha Bibi, na Bibi humsubiri amalize.

Limebaki suala la mapenzi. Ndege aliyelelewa na watu tangu manyoya ya manjano hujihesabu ni mtu, na akibaleghe hutafuta mchumba miongoni mwa watu. Sheha alichagua miguu ya Baba. Kila Baba akivua makubadhi kuketi, Sheha huja amefutua shingo, akazunguka, akainama, akakokota mkia sakafuni na kunguruma kooni kwa sauti ambayo Shangazi alisema haifai kusikiwa na watoto. Sote tukasema: huyu ni dume, tena dume la haja. Kwa sura njiwa dume na jike hawatofautiani. Hata Cher Ami, aliyekaushwa akawekwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, watu walibishana kuhusu jinsia yake kwa miongo mingi mpaka vinasaba vikasema ni dume. Kwa Sheha vinasaba havikuhitajika. Alichomoa chelewa kutoka kwenye fagio lile lile la Mama, akazipeleka moja moja kabatini, na akataga yai jeupe ndani ya kofia ya viua ya Baba, ile iliyoshonwa kwa mkono kwa miezi. Siku mbili baadaye akaongeza la pili.

Mayai hayana mbegu, ila kumwambia Sheha hivyo haiwezekani, na kuyaondoa ni hasara, kwani njiwa akinyang'anywa mayai hutaga mengine upesi. Lazima aachwe ayaatamie mpaka achoke mwenyewe, nayo ni wiki mbili hadi tatu. Baba huenda msikitini Ijumaa na kofia ya Kaka, ambayo imekaa juu ya kichwa chake kwa dua tu. Mama amemwambia anunue nyingine. Baba hataki: anasema ikiwa mpya, Sheha ataihamia.