Roboti Imenipa Nyota

Jamani, mwenzenu nilipigwa na kiharusi. Kidogo tu, wanasema, utadhani kinauzwa rejareja. Mguu umerudi, mdomo umenyooka, mkono wa kulia ndio umegoma. Nikishika kikombe, chai yote kwenye shati. Nikimpa mtu mkono, vidole vikishafunga havifunguki, tunabaki tumeng'ang'aniana hapo mpaka watu wanaanza kututazama.

Nikasikia kuna roboti ya mazoezi ya mkono. Nikashukuru. Roboti ifanye mazoezi, mimi nisinzie, si ndiyo kazi yake?

Thubutu! Binti wa fizio akanibandika plasta na kisumaku kwenye kila kidole, vyote vikanaswa kwenye mashine. Mbele skrini, matofaa yanadondoka. Kunja vidole, udake. Ukikwama, mashine inakusukuma kidogo, lakini lazima uanze mwenyewe. Nikadaka hewa. Gemu ikajishusha ngazi. Nikakosa tena, ikajishusha tena. Kumbe imetengenezwa hivyo, inakupima uwezo. Wangu ikautafuta mpaka chini kabisa. Pembeni kajukuu ka mgonjwa mwenzangu kananielekeza: "Babu, hilo hapo! Babu, limepita!" Babu! Mimi hata hamsini sijafika. Mwisho nikadaka moja, skrini ikajaa nyota na pongezi za Kiingereza. Ukumbi mzima ukanipigia makofi. Nilitamani kiharusi kirudi kinimalizie.

Binti anasema ubongo ukiumia, sehemu nzima hujifunza kazi ya ile iliyokufa, ila kwa kurudia, kurudia, kurudia. Mtu huchoka, roboti haichoki. Ndiyo maana kule chuo cha MIT, Marekani, walianza kuunda yao, MIT-Manus, tangu 1989. Sawa. Halafu akaongeza, bila hata kuniandaa, kwamba Uingereza walipima wagonjwa 770, majibu yakatoka 2019: mikono ya waliofundishwa na roboti haikufanya kazi vizuri kuliko ya wale wa matibabu ya kawaida. Dada yangu, hayo unaniambia nikishalipa?

Nikauliza, sasa mtu akiishiwa hela? Akasema fanya kazi za vidole nyumbani. Kamua nguo, funga vifungo, chambua mchele punje kwa punje. Kosa lake, aliyasema hayo mama watoto akiwa palepale. Tangu siku hiyo sijaona remoti, naona ungo tu. Punje tatu mkononi, mbili sakafuni, na hakuna nyota.

Majirani, mwenye mchele wenye mawe alete jioni. Nachambua bure, ila msiwe na haraka.