Kioo cha Buluu Hakijui Kifaransa

Mama mkwe wa mteja wangu alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena, kisha akainamia kompyuta na kuanza kusoma kwa sauti maneno ya Kiingereza asiyoyaelewa. Hakuwa na haja ya kuyaelewa. Uso wangu ulikuwa umeshamfafanulia yote. Programu ilikuwa inasema haijaona kadi ya grafiki inayoweza kuifanyia kazi.

"Sasa Enjenia," akasema, kwa ule upole wa kina mama wa Bagira, hapa Bukavu, unaouma kuliko tusi, "ile kitu ya dola mia tatu iko wapi? Walibakia nayo kwenye mpaka?"

Mkwewe akakohoa. Shemeji zake wawili, waliopanda kilima chote kutoka Nyawera wakiwa na viatu vya Jumapili ili waone nyumba ya familia itakavyokuwa pale Muhumba, wakaanza kuchunguza dari yangu, ambayo nayo ina mambo yake. Na kadi ilikuwepo! Kasha la kompyuta lilikuwa wazi ubavuni, kila mtu akiiona kwa macho, feni zake mbili zikizunguka. Hata picha iliyokuwa kwenye kioo ilikuwa inapitia kwenye kadi hiyo hiyo. Yenyewe ndiyo iliyokuwa ikituchorea tangazo la kutokuwepo kwake.

Nilikuwa nimewaahidi picha ya nyumba yao usiku: taa zimewashwa, vioo vya sebule vikimeta, na ziwa Kivu chini likirudisha mwanga. Waliondoka na karatasi ya ramani na soda walizozimaliza kwa heshima.

Niruhusuni nieleze mambo yanavyokwenda humo ndani, maana ni huko tu ninakopata faraja. Programu ya kuchora kama Blender haipaki rangi, inafuata mwanga. Kutoka kwenye jicho la kamera inatuma mshale hadi ukutani, mshale unadunda hadi sakafuni, unapenya kioo, unapinda kwenye maji, na ukifika kwenye taa hesabu inarudi kusema nukta hii iwe na rangi gani. Picha ya kawaida, upana nukta 1,920 na kimo 1,080, ina nukta zaidi ya milioni 2, na kila nukta inadai mishale mingi, mamia ikibidi, la sivyo picha inatoka na chembechembe. Prosesa ya kompyuta inaweza kazi hiyo, lakini ina viini vichache, vyenye elimu kubwa na mikono michache. Kadi ya grafiki ni salongo, ile kazi ya mikono ya mtaa mzima. Yangu, RTX 3060, ina viini 3,584, hakuna hata kimoja chenye akili ya kujivunia, lakini vyote vinainua jembe kwa pamoja na kulishusha kwa pamoja. Ukivipa kazi ya aina moja iliyorudiwa mara milioni, vinaimaliza wakati prosesa bado inavaa gambuti.

Ila salongo lina mtu wa kuliita. Mwanzoni mwa karne hii, waliotaka kadi iwapigie hesabu walilazimika kuidanganya: walizivisha namba zao mavazi ya rangi, kadi ikadhani inachora kumbe inazidisha na kujumlisha. Mwaka 2007 NVIDIA ikatoa CUDA, mlango rasmi wa kupeleka hesabu kwenye kadi zake, na Blender inabisha kwenye mlango huo. Sasa, mimi natumia Linux, kwa sababu ni ya bure na kwa sababu virusi vya funguo za USB za mjini hapa havijaielewa. Linux inakuja na kiendeshi cha kadi, yaani programu ya kuiongoza, kinachoitwa nouveau, kilichoandikwa na watu wa kujitolea walioichunguza tabia ya kadi kwa miaka mingi, maana wenye kiwanda hawakuwapa maelezo. Ugomvi huo ni wa zamani: mwaka 2012, mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aalto huko Ufini, Linus Torvalds, baba wa Linux, aliitukana NVIDIA waziwazi na kuinyooshea kamera kidole kisichonyooshwa mbele ya wakwe. Kiendeshi hicho cha kujitolea kinaonyesha picha vizuri kabisa. Mlango wa CUDA hakina. Ndiyo maana mfumo uliniambia kadi ipo, ukanitajia na jina la chipu yake, huku Blender ikiapa kwamba haijaona kitu. Wote wawili walisema kweli.

Dawa basi ni kuweka kiendeshi cha kiwanda. Ni mamia ya megabaiti, na Bukavu megabaiti hununuliwa kwa simu. Nikanunua. Nikapakua. Kikajengwa hapa hapa mezani pangu, mistari ikiporomoka kwenye kioo kwa namna inayomfanya mtu ajione ana kazi. Nikazima, nikawasha. Blender: hakuna kadi.

Hapa ndipo alipotokea mlinzi aitwaye Secure Boot, na nakiri kwamba ningekuwa sidaiwi kazi ya watu ningempenda. Tangu zama za Windows 8, mwaka 2012, kompyuta mpya huwa zimefungiwa funguo ndani ya ubao wake. Kila kinachoamka asubuhi lazima kiwe na sahihi inayojulikana, na aliyekubaliwa ndiye anayemkagua anayefuata. Linux iliingia kwa kupitia programu ndogo inayoitwa shim, yenye sahihi ya Microsoft. Shim inaikagua kerneli, moyo wa Linux. Kerneli nayo inavikagua viendeshi. Kiendeshi kilichojengwa mezani kwangu kilikuwa na sahihi ya ufunguo uliotengenezwa na kompyuta yangu mwenyewe, yaani sahihi ya mtu asiyejulikana na yeyote mjini. Kikafukuzwa mlangoni. Utaratibu wa kuujulisha ufunguo huo upo, na umebuniwa kwa werevu: unaandika nenosiri, unazima, na mashine inapoamka, kabla Linux haijafungua jicho, kinatokea kioo cha buluu kikimtaka mwenye mashine abonyeze kitufe na kulirudia nenosiri lile. Kirusi kilichoingia kutoka mbali hakina vidole. Lazima awepo mtu, amekaa, anabonyeza.

Na awe anabonyeza upesi, kwa sababu kioo hicho kinasubiri sekunde 10. Zikipita, ombi linafutwa na unaanza upya.

Bukavu, sekunde 10 zina wenyewe. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa mjini, bwawa la Ruzizi I limekuwa likizungusha mashine zake tangu mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II, iliyoanza mwaka 1989, inagawana umeme na Rwanda na Burundi. Tunaishi, kwa hiyo, mlangoni pa umeme, na umeme hutupita ukienda safari zake. Nilizima kompyuta ili iamke kwenye kioo cha buluu. Mtaa mzima nao ukazima, kwa mshikamano. Nikaenda kutafuta tochi. Umeme ukarudi nikiwa chini ya kitanda, kompyuta ikajiwasha yenyewe kama nilivyoielekeza zamani nikijiona mjanja, na niliporudi mbio nikakikuta kioo cha buluu kinahesabu sekunde zake za mwisho. Nikaigusa kibodi mfumo wa kawaida ukiwa umeshaanza kunikaribisha.

Jioni iliyofuata nilikaa mbele yake vidole vikiwa angani. Kioo kikaja. Nikabonyeza. Kikafungua orodha. Nikachagua kusajili ufunguo. Kikauliza nenosiri. Nikaandika. Kikakataa. Nikaandika polepole, kwa kidole kimoja, nikitamka kila herufi. Kikakataa. Kinavumilia makosa matatu tu, halafu kinakurudisha nyuma uanze safari nzima, na herufi zenyewe hazionekani unapoandika. Nilianza kuishuku kumbukumbu yangu, kisha kibodi, kisha jirani anayekuja kuchaji simu. Nenosiri lilikuwa "sambazakivu". Nani atasahau sambaza? Nimezila tangu meno ya utoto. (Ni wageni humu, hao samaki: waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakatiwa ziwani, na leo hakuna anayewaomba karatasi.)

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa dada yangu, mwanafunzi, aliyekuwa ameegemea mlango akila karanga zangu.

"Mjomba," akasema, "ile kioo ya bluu haijue Kifaransa."

Nikamwambia asinichekeshe. Hakuwa anachekesha. Kibodi yangu, kama nyingi za hapa, ni ile ya AZERTY tuliyoachiwa na Wabelgiji. Linux inalijua hilo, kwa sababu siku ya kwanza niliiambia. Lakini kioo cha buluu kinaamka kabla ya Linux, wakati mashine bado ina lugha yake ya kuzaliwa tu, nayo ni kibodi ya Marekani. Mahali nilipobonyeza A, yenyewe ilisoma Q. Z ikawa W. M, ambayo kwetu inakaa kulia kwa L, ikawa nukta mkato. Nilikuwa nikiandika "sambazakivu" kwa uaminifu wote, na kioo kikisoma "sq;bqwqkivu", na ningekuwa mimi ndiye kioo ningekataa vilevile.

Tulichukua nenosiri lisilo na A, Q, Z, W wala M. Jaribuni kutafuta neno la Kiswahili la herufi 8 lisilo na A. Tulipolipata, ufunguo ukakubaliwa, kiendeshi kikapita, Blender ikaiona kadi na kuandika jina lake kamili pamoja na nambari ya modeli. Mpwa wangu alidai Fanta. Nikampa.

Lakini sikupata usingizi. Nilikuwa nafikiria hizo sahihi, na vitu vingine vinavyodaiwa sahihi. Kuna kitu katika kadi ile ambacho hakuna kioo cha rangi yoyote kitakachonieleza. Viungo vyake vimelehemiwa kwa bati. Ndani ya chipu, vishimo vinavyounganisha silikoni na nyaya za juu yake hujazwa tungsteni, na nyaya za shaba hufunikwa kwa utando wa tantali ili shaba isipenye kwenye silikoni. Meno yake yanayoingia kwenye ubao yamepakwa dhahabu. Bati, tungsteni, tantali, dhahabu: ukimwamsha mtoto yeyote wa Kivu Kusini usiku wa manane atakutajia zinatoka wapi. Kalehe, Shabunda, Mwenga, Walungu. Siwezi kuapa kwamba chembe hizi zilitoka huko. Hakuna anayeweza kuapa kwamba hazikutoka.

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kinayataka makampuni yanayotumia madini hayo yaeleze kama yametoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huo huo rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Uliporuhusiwa tena, wanunuzi wengi walikuwa wamehama. Jiwe lilihitaji kibandiko chenye nambari kuonyesha limetoka kwenye shimo lililokaguliwa, na kwenye machimbo ya Nyabibwe vibandiko vilisubiriwa hadi 2012. Katikati hapo watu walikula nini? Nia ilikuwa njema, nasikia. Vita vilikuwepo kweli, na bunduki zilikuwa zikila kwenye mashimo kweli. Lakini aliyebaki mlangoni bila sahihi alikuwa mchimbaji mwenye sururu, na mwenye bunduki akapita njia nyingine, maana wenye bunduki hawajawahi kukosa njia. Kisha mchimbaji huyo huyo anaulizwa kitambulisho katika nchi ambayo kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha mwananchi. Mimi kioo cha buluu kilinipa sekunde 10. Kuna watu hawajawahi kukiona hicho kioo.

Tukirudi kwenye kadi yangu, yaliyofuata ni madogo. Waya wa umeme wa kadi ulilegea katikati ya picha ya kwanza. Picha ya pili ilitoka na ziwa juu ya paa. Mteja aliporidhika na ya tatu, mama mkwe aliuliza kwa nini jikoni hakuna mtu.

Sasa nina kesi na mwenye nyumba. Kadi ikifanya kazi hasa inaweza kula hadi wati 170, na taa ya ukumbini kwake inafifia kila ninapochora madirisha. Amesikia mahali kwamba kadi hizi huchimba pesa za mtandaoni. Hajadanganywa sana: Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilianza kuchimba Bitcoin, ingawa kwa mashine za aina nyingine, kwa umeme wa maji pale Luviro mwaka 2020. Nilimweleza kwa adabu kwamba modeli yangu ilitoka mwaka 2021 ikiwa imewekewa breki makusudi isichimbe Ethereum, nyingine kati ya pesa hizo, kwa kasi, na kwamba Ethereum yenyewe iliacha kuchimbwa Septemba 2022. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma, akalitazama kasha lililokuwa likivuma, akatazama mita.

"Nimeelewa, Enjenia," akasema. "Kibali cha kuchimba unacho?"