Mshazari

Monita, yaani kile kioo kinachoonyesha kazi za kompyuta, hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya juu upande mmoja hadi pembe ya chini upande wa pili, na kipimo hicho ndicho chanzo cha masaibu mengi ya steshenari na ofisi ndogo za Kisesa. Mnunuzi anayetumwa Mwanza mjini, umbali wa kilomita zipatazo 20 kwa barabara ya Musoma, huagizwa "inchi 19, bei ya kawaida", naye hurudi na inchi 19 pana, mpya, inayometameta, akiwa ameipita kwa dharau ile ya mtumba yenye umbo la karibu mraba, asijue kwamba hiyo ya mtumba ina kimo cha sentimita 30 hivi, ilhali aliyoikumbatia haifiki 24. Karatasi ya A4 ina kimo cha sentimita 29.7, kwa hiyo kioo kilichodharauliwa kingeonyesha barua ya mtendaji karibu nzima kwa ukubwa wake halisi, lakini katika hiki kipya mchapaji huona anwani bila sahihi au sahihi bila anwani, na pembeni hubaki uwanja wa kuchungia ng'ombe.

Mtumba nao una vituko vyake. Nukta iliyokufa, yaani chembe ya kioo iliyogoma kuwaka, huonekana kama doa jeusi lisilohama, na karani asiye na habari hulipuliza akidhani ni mdudu, hulikwangua kwa ukucha, kisha huliwinda kwa kitufe cha kufutia, ambacho humfutia kwa utiifu aya nzima huku doa likimtazama.

Suala la waya muuzaji hulitaja akishatia hela mfukoni. Monita kuukuu nyingi zina tundu la VGA, lenye matundu 15 katika safu tatu, mtindo ulioletwa na IBM mwaka 1987, na kompyuta nyingi za sasa hutoa picha kwa HDMI. Hivyo huhitajika adapta, na adapta hizo kwa kawaida hubadili upande mmoja tu, jambo ambalo mnunuzi huligundua akishafika Kisesa na ile ya upande usiofaa. Safari ya tatu, konda, ambaye siku ya kwanza aliitoza monita nauli ya mtu mzima kwa kuwa ilikaa kitini, humuuliza kwa upole mgonjwa anaendeleaje.