Safari ya Kwenda Kuisikia Kilwa

Sina budi kuwashukuru waandalizi wa mkutano wa wanahistoria walioona, kwa hekima yao isiyo kifani, kwamba habari za Kilwa haziwezi kufahamika barabara mpaka msikilizaji awe ameketi Ulaya, amevaa koti zito la sufu, mahali ambapo joto la pwani halitamghilibu akadhani anaijua. Mwaka 1965 wanahistoria wa Afrika walikusanyika Dar es Salaam, wakakaa karibu mno na historia yenyewe. Kosa hilo, alhamdulillahi, halikuruhusiwa kuwa mazoea. Msafiri Ibn Battuta naye, maskini, alifika Kilwa mwaka 1331 kwa pepo za msimu tu, bila taarifa ya benki, bila bima ya matibabu ya yuro 30,000, bila hata hati ya kuthibitisha kwamba angerudi kwao Tangier. Ndiyo maana, nadhani, hakualikwa kusoma mada. Mimi nimetimiza masharti yote ya viza: nimelipa kiingilio, nimelipia chumba ambacho huenda nisikione, nimetoa alama za vidole vyote kumi, nikaeleza kwa adabu kwa nini mtu mwenye akili timamu atataka kurejea nyumbani baada ya kuonjeshwa ustaarabu. Ujira wake ni dakika 20 za kusema, na 5 za kuulizwa na bwana mmoja ambaye hataniuliza, bali atanieleza. Mkutano unafunguliwa Jumatatu asubuhi. Pasi yangu nimeambiwa niifuate Alhamisi ya juma hilo hilo.