Sifa za Karatasi Iliyokwisha Kazi

Mama muuza karanga wa sokoni Nyangwe hajui kwamba yeye ni mtunza nyaraka. Anachojua ni kikombe chake cha kupimia, na mteja gani ataomba nyongeza. Lakini kila anapochana ukurasa wa kaye ya mwanafunzi, akaukunja pembe na kuujaza karanga zilizotoka motoni, anagawa maktaba bila kudai hata faranga moja ya maandishi. Mwenye haraka hula karanga, pembe akaitupa njiani. Sisi wenye adabu hula polepole ili tumalize kusoma.

Karatasi hiyo ndiyo ninayosimama kuisifu: kuukuu, yenye madoa ya mawese, iliyoandikwa upande mmoja na kusahihishwa kwa hasira upande wa pili, ambayo mwenyewe wa kwanza alishaachana nayo. Vitu vingine vya Maniema havinihitaji. Mto Lualaba umesifiwa na wageni mpaka umechoka. Dhahabu ya Namoya, kule Kabambare, ina watu wa kuisifu na ina walinzi. Mchele wetu unajisifu wenyewe sufuria inapofunuliwa. Karatasi iliyokwisha kazi haina wakili. Ina maadui tu: mchwa, panya, mvua inayopenya nyasi za paa, na mama wa watoto wangu.

Nianze na nasaba, kwa kuwa kwetu mtu hasifiwi kabla hajajulikana ni mtoto wa nani. Mnamo 1870 mzee mmoja wa Kiskoti, David Livingstone, alikwama Kabambare kwa vidonda vya miguu. Alikaa miezi hawezi kutembea, akiisoma Biblia yake na kuirudia. Februari 1871 watu wakamfikia kutoka pwani. Barua moja ilikuwemo mzigoni, nyingine 40 zilikuwa zimepotea. Karatasi ya kuandikia ilikuwa imemwishia, na wino pia. Mwenye fahari angeweka kalamu chini akasubiri msafara mwingine. Mzee alichukua gazeti la London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akaligeuza ubavu, akaandika juu ya mistari iliyochapwa, akiikatiza. Wino aliupata katika mbegu za zingefuri, rangi ambayo watu wa Manyema walitia kwenye nguo na kujipambia uso na kichwa. Hebu fikiri: Mzungu wa kwanza kufika Nyangwe aliandika habari zake kwa vipodozi vya wenyeji juu ya gazeti lililokwisha kusomwa. Ukoo gani wa karatasi una babu wa namna hiyo?

Alifika kwetu mwishoni mwa Machi 1871 na akalipenda soko. Siku za soko alikwenda akakaa kutazama watu, akakisia kwamba wanafika 3,000, wengi wao wanawake, na samaki wao, chumvi, vyungu, kuku na mafuta, kila mmoja akiapa kwamba bei ya mwenzake ni wizi. Namwelewa. Hata leo mtu asiye na fedha hana starehe nyingine inayoishinda hiyo.

Tarehe 15 Julai, mzaha unakaa pembeni. Watu wa msafara wa Dugumbe, mfanyabiashara wa Kiarabu, waliingia sokoni na bunduki, wakawafyatulia watu waliokuwa katikati ya kuuza na kununua. Wengi waliokimbilia mitumbwi walizama mtoni. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake, na kilichokuwapo cha kuyapokea ni gazeti na rangi ya zingefuri. Ripoti yake ilibebwa na mwandishi wa habari Henry Stanley mpaka Uingereza, ikaongeza uzito kwenye shinikizo lililomfanya Sultani Barghash wa Unguja afunge soko la watumwa mwaka 1873.

Sasa nifike kwenye jambo linalonipa kiburi kwa niaba ya mteja wangu. Baadaye Livingstone alipata daftari la heshima, akanakili humo, na nakala hiyo safi ndiyo iliyomfikia mhariri Horace Waller, aliyeichapisha mwaka 1874. Gazeti likawekwa. Zingefuri ikapauka mwaka hadi mwaka, mpaka yakabaki matangazo ya London peke yake, na mwandiko ukawa kama haukuwahi kuwapo. Lilikaa hivyo Blantyre, Uskoti, mahali alipozaliwa mzee, mpaka watafiti walioongozwa na Adrian Wisnicki walipolipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, mingine isiyoonekana kwa jicho, wakautenga mwandiko na chapa. Mwaka 2011 wakatoa matokeo. Ukilinganisha gazeti na daftari, maneno hayalingani kila mahali. Wakati wa kunakili mzee alipunguza hapa, akalainisha pale, hasa yaliyogusa mwenendo wa watu aliotumiwa kutoka Unguja. Daftari lilimtia haya. Gazeti halikumtia haya hata kidogo. Nani alionee haya gazeti la mwaka juzi?

Hiyo ndiyo sifa kuu ya karatasi chakavu, na nyingine zote zinatoka humo. Mpe mtu karatasi nyeupe: atakaa wima, atakohoa, ataanza na salamu ndefu, na kabla hajafika katikati atakuwa ameshadanganya. Mpe kipande cha mfuko wa sukari, atakuambia nani kaiba mbuzi.

Sisemi kwa chuki, ushahidi ninao. Februari 1887, kule Unguja, mfanyabiashara Tippu Tip alitia saini mkataba wa kuwa liwali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Stanley Falls. Karatasi nzuri, mashahidi wa heshima, mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Machi 1893 askari wa huyo huyo Leopold, chini ya afisa wao Dhanis, waliingia Nyangwe, na Aprili wakaingia Kasongo. Mkataba haukuwa na doa hata moja la mafuta.

Halafu kuna noti. Nyanya yangu alikuwa na sanduku la bati, na ndani yake zaire za 5 na za 10, amezinyoosha kwa kiganja, sura ya Mobutu zote zikitazama upande mmoja. Mwishoni mwa Desemba 1979 serikali ilizifuta noti hizo na kuwapa watu siku chache za kuzibadilisha benki. Siku hizo, kwa mtu wa Nyangwe katika msimu wa mvua, hazikutosha hata habari yenyewe kufika. Alizihifadhi tu, labda siku moja serikali itajuta. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Fanya hesabu mwenyewe, mimi nikiijaribu kichwa kinauma. Nyanya hakujuta sana. Alitupa sisi wajukuu noti zile tuchezee duka, na ndani ya duka letu zilinunua vitu vingi kuliko zilivyowahi kununua mahali pengine popote.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho hakuturuhusu kukigusa. Kilikaa chini kabisa, kimefungwa kwenye kitambaa: karatasi ya mizani ya pamba. Wasomaji vijana wajue kwamba kilimo cha pamba cha lazima kilianzishwa Kongo ya Wabelgiji mwaka 1917, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kukionja. Ulilima, ulivuna, ulibeba kikapu mpaka penye mizani, na karani akaandika anachoona yeye. Mbele ya karatasi ile karani ameandika uzito kwa mwandiko wa kupendeza. Nyuma, babu yangu ameandika uzito wake mwenyewe, aliokwishaupima nyumbani kwa njia anazozijua wakulima, na ni mkubwa zaidi. Ameuandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni na mwalimu wake wa Kurani, herufi ambazo karani hakuzijua. Kwa hiyo karatasi ilimrudia karani msimu uliofuata ikiwa imebeba tusi mgongoni, naye akaigonga muhuri.

Mimi pia sizijui herufi hizo vizuri, nikaipeleka kwa mzee mmoja wa msikitini Kasongo anisomee. Alisoma uzito, akacheka. Kisha akaendelea: jina la aliyemwazima babu kikapu, jina la aliyetembea naye njia nzima akiimba vibaya, halafu, kwa mstari uliobanwa pembeni, kwamba usiku ule amezaliwa mtoto wa kiume, mvua ni kubwa, na taa imewaka kwa mafuta ya jirani, hayajarudishwa. Huyo mtoto ni baba yangu. Nchi yetu ilihesabu watu kwa mara ya mwisho mwaka 1984, na vyeti vingi vya watu wa kwetu vilipotea katika vita vilivyoanza 1996, vingine porini, vingine motoni. Baba hana cheti kingine cha kuzaliwa. Ana upande wa nyuma wa dhuluma ya pamba, na humo tarehe haipo, ila mvua ipo na deni lipo. Baba alipoelezwa, alinunua chupa ya mafuta ya taa akaipeleka kwa wajukuu wa jirani. Walishangaa, maana siku hizi wanatumia taa ya jua, lakini walipokea. Deni halikatai kulipwa.

Najua mashtaka. Mama wa watoto wangu ameyasema mara nyingi, na kwa sauti inayofika kwa majirani: kwamba chini ya kitanda kuna masanduku mawili ya takataka, kwamba mende wamepata mji, kwamba siku ya mvua kubwa baba wa nyumba aliokoa kwanza karatasi za kufungia maandazi, ndipo akakumbuka mchele. Hilo la mchele silikanushi. Kuhusu mende, najibu kwamba panya wa kwetu walishawahi kula kadi ya mpiga kura, plastiki na yote, wakaziacha kaye za watoto zilizokuwa kando yake. Siwezi kueleza sababu, ila naona wanyama wana akili. Na kuhusu moto, nakiri: kweli karatasi kuukuu huwasha makaa upesi kuliko nyasi, na mama huyo huyo, alfajiri, huwa namsikia akichakura kwenye masanduku yangu kwa mkono wa mtu anayejua anachotafuta. Nimeamua kuita hiyo kodi.

Kuna matumizi mengine ya asubuhi ambayo heshima yanizuia kuyaeleza. Niseme tu kwamba huko pia tumesoma mengi.

Yote haya nisingeyavumilia peke yangu. Nina rafiki, tulikaa dawati moja, sasa yuko Kabambare. Yeye ndiye aliyeanza ugonjwa huu, ingawa anasema ni mimi. Tukiwa wadogo tulikuwa tukinunua karanga kwa zamu na kubadilishana pembe, mpaka tukajifunza darasa la tano tukiwa bado la tatu, ila kwa vipande: tulijua mwisho wa somo la mifupa bila kujua mwanzo, na mpaka leo mkono wa binadamu, kwangu mimi, unaanzia kwenye kiwiko. Tulipotenganishwa na kazi tukaweka sharti. Hatuandikiani kwenye karatasi mpya. Kila mmoja anaandika pale mwenzake alipoacha nafasi. Karatasi inakwenda na vijana wanaosukuma kinga, yaani baiskeli, zenye bidoni za mawese, inakaa njiani kadiri ya mvua na vizuizi vya askari, inarudi ikinuka mafuta na jasho la mtu nisiyemjua. Karatasi moja tuliitumia mpaka ikabaki nafasi ya neno moja, na rafiki yangu akalitumia kuniita mchoyo.

Watu hutuuliza kwa nini hatupigiani simu. Tunapiga. Mtandao ukikubali, tunaulizana habari za nyumbani, tunajibizana nzuri, nzuri, nzuri, na vocha inakwisha. Kwenye simu sijawahi kumsikia akisema ana shida. Kwenye ukingo wa karatasi ya mwisho, kwa maandishi madogo yaliyozunguka hesabu za mtoto wa watu, aliandika kwamba mpunga umeliwa na ndege, kwamba mkewe hasemi naye, na kwamba haoni vizuri jioni lakini nisimwambie mtu. Nikamtumia miwani ya mtumba iliyofungwa kwenye somo la jiografia.

Kwa sasa tuna ugomvi. Mara ya mwisho alipofika Kasongo tulinunua maandazi kwa mama mmoja, mimi nikafungiwa ukurasa wa kwanza wa insha, yeye ukurasa wa pili. Mwanafunzi, ambaye jina lake limeliwa na mafuta, anasimulia shangazi yake aliyevuka mto kwenda kudai mahari iliyobaki, akiwa na jogoo mmoja na hasira. Ukurasa wangu unakatika pale anapoingia uani kwa wakwe na kuwakuta wanakula. Mwalimu, kwa wino mwekundu, ameandika pembeni: tahajia. Rafiki yangu anajua yaliyompata shangazi. Anasema yako pale, mistari kumi na tisa, na alama mwalimu aliyotoa ni ya aibu kwa mwalimu. Hataki kunisomea kwenye simu. Anataka kwanza nimpe ukurasa wa mifupa, ule wenye mkono kuanzia begani, ambao nimegundua juzi kuwa ninao. Nimemjibu kwamba nitampa nusu, kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, kwa kuwa nusu ya pili anayo tangu utotoni. Kijana wa mawese aliondoka na nusu yangu Jumatatu.