Gunia la Tatu

Mazungumzo na msanii jijini Nairobi yana kanuni ambazo hazijaandikwa popote. Msanii hukalia kiti kirefu kisicho na pa kuegemea, kavaa nyeusi hata kama ni joto la Februari. Kando yake huketi mwongozaji mwenye maswali marefu kuliko majibu. Kisha kipaza sauti humfikia bwana wa safu ya mbele anayesema, "Langu si swali, ni mchango tu," na mchango huo hutufikisha saa ya kufunga mlango.

Mimi huhudhuria hata hivyo. Mtu wa Nairobi hana udhuru: Elimo Njau na wenzake walifungua Paa ya Paa mwaka 1965, na mwaka 2020 mchoraji Michael Armitage akaanzisha taasisi ya sanaa ya kisasa, NCAI. Lakini kwetu Ukambani, kuanzia Kibwezi nilikozaliwa hadi Kitui walikoolewa shangazi zangu, sijapata kuona jumba la namna hiyo. Na si kwamba wasanii hatuna. Kivuthi Mbuno alizaliwa Mwingi mwaka 1947, akafanya kazi ya upishi kwenye safari za porini, kisha michoro yake ya watu na wanyama ikaingia katika mkusanyo mashuhuri wa Jean Pigozzi na kuonyeshwa Ulaya. Mwingi alikozaliwa, hata chumba kimoja cha kuitundika hakuna.

Ndiyo sababu sisi marafiki kadhaa tuliamua kumleta Kitui msanii mmoja kijana kutoka jijini, aje azungumze na watu. Akakubali, kwa sharti kwamba kazi yake ije naye. Kazi yenyewe ilikuwa magunia matatu ya makaa.

Hapa lazima msomaji wa mbali aelezwe. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku biashara ya makaa na usafirishaji wake, kwa sababu miti ilikuwa inafyekwa na malori yanaipeleka Nairobi ikiwa imeshakuwa makaa. Kila mtu Kitui alilijua hilo. Msanii wetu alilijua pia. Ndiyo mada aliyokuwa akiishughulikia.

Tukapakia Probox. Machakos tukamchukua shangazi na kiondo chake, tukapita Wamunyu kwa wachongaji, na tulipoingia tu Kitui tukasimamishwa kizuizini. Askari akafungua nyuma, akayatazama magunia kwa muda mrefu.

"Makaa hutoka Kitui kwenda Nairobi," akasema. "Haya yanatoka Nairobi kuja Kitui. Kuna jambo mnaficha."

"Afande, hii ni kazi ya sanaa," msanii akasema.

"Inahusu nini?"

"Kutoweka kwa misitu."

Askari akafikiri. "Kwa hiyo mmekata miti ili mlalamike kwamba miti imekatwa?"

Katika kumbi zote nilizowahi kuketi, sijasikia mwongozaji akiuliza swali kali kama hilo. Msanii alifungua mdomo, akaufunga. Waendesha bodaboda walikuwa wamesogea, na mama muuza maembe pia. Mmoja akataka kujua kazi hiyo inauzwa bei gani. Msanii akasema, kwa sauti ya chini, laki mbili.

"Laki mbili gunia moja?"

"Yote matatu. Ni kazi moja."

"Mimi nina manne nyumbani," akasema mama wa maembe. Halafu akakumbuka nani amesimama karibu naye, akaanza kupanga upya maembe ambayo yalikuwa yamepangika vizuri kabisa.

Aliyetuokoa ni shangazi. Alishusha kioo, akamwamkua askari kwa Kikamba, wakaulizana ukoo, kisha akamwambia, "Mwanangu, huyu kijana hana nia mbaya. Amesoma tu." Tukaruhusiwa kupita. Gunia moja likabaki kama ushahidi, na sina shaka jioni hiyo ushahidi ulichemsha chai.

Ukumbini stima ilikuwa imepotea, kwa hiyo picha alizotaka kuonyesha zikabaki ndani ya kompyuta. Pakawa na dua, kwaya, utambulisho wa wageni, utambulisho wa waliowatambulisha, halafu mheshimiwa mmoja aliyepita kusalimia tu akasalimia kwa muda wa kuivisha muthokoi. Msanii akabakiwa na dakika kumi. Alipoulizwa kwa nini bango limeandika magunia matatu na yapo mawili, akajibu kwamba nafasi tupu ya gunia la tatu ndiyo kiini cha kazi. Watu wakapiga makofi. Shangazi akanitazama, nikatazama dari.

Usiku uliokolewa na mzee mmoja mchongaji kutoka Wamunyu. Huko uchongaji ulienezwa na Mutisya Munge baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kwa miaka mingi mti wao ulikuwa muhugu, mpaka ulipoadimika, wakageukia mwarobaini na mwembe. Mzee hakutoa mchango. Aliuliza: hayo makaa ni ya mti gani? Msanii hakujua. Mzee akapanda jukwaani, akachukua kipande, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza mlio, akataja mti. Kisha akaeleza unakua kwa muda gani na zamani ulikuwa ukiota wapi. Hakuna aliyetazama simu. Msanii aliketi sakafuni akiandika.

Wenye majumba ya sanaa Nairobi, njooni huku na wasanii wenu. Siku hizi lami inatoka Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo, kwa hiyo hata watu wa Makueni watafika kwa wakati. Viti vya plastiki tutakodi. Ombi letu ni moja: kipaza sauti kimfikie mchongaji kabla ya mheshimiwa.